Mshumaa wa Urefu wa Veit

Katika mji wetu wa Ebersfurt hapakuwa na mtu asiyejua urefu wa Veit, mlinzi wa lango. Ungemuuliza kinyozi, ungemuuliza mchinjaji, angenyoosha kiganja ukutani na kukuonyesha: mpaka hapa. Na wala Veit hakuwa mrefu wa kushangaza au mfupi wa kuchekesha. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Tuliujua urefu wake kwa sababu ya mama yake, Kunigunda muuza utumbo, ambaye kila mwaka alimpima mwanawe kwa uzi na kumfanya mshumaa.

Ngojeni niwaeleze taratibu, maana habari hii ukiikimbiza inakuponyoka.

Kunigunda aliweka sufuria yake karibu na kisima cha sokoni, na mimi kapu langu la mikate lilikuwa jirani yake, basi tulizeeka pamoja tukipigwa na upepo mmoja. Alikuwa mwanamke mpana, mikono myekundu kwa maji ya moto, sauti ya kuitia ng'ombe kutoka malishoni. "Utumbo! Utumbo laini kama shavu la mtawa!" Alinadi hivyo hata watawa wakipita, na watawa walinunua.

Mumewe alikuwa Endres, mtengeneza mapipa, mtu mpole asiyezungumza mpaka aulizwe. Walizaa watoto, na watoto wakafa. Watatu walilala upande wa kaskazini wa kanisa, chini ya ukuta, pale ambapo umande hukawia kukauka. Wa nne akawa Veit. Alipofika umri wa kukimbiza bata uani, degedege likamwangusha. Mtoto alikakamaa kama ubao, macho yakageuka, meno yakaumana. Endres alitoka mbio kumwita padri. Kunigunda hakungoja padri. Alichomoa uzi wa utambi, akaulaza juu ya mtoto kutoka utosini hadi kisiginoni, akaukata kwa meno, kisha akanena kwa sauti ile ile ya sokoni:

"Mtakatifu Veit, huyu ana jina lako. Niachie. Kila mwaka siku yako ikifika, maadamu yu hai, nitakuletea mshumaa wa urefu wake. Urefu wake wote. Sitapunja."

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mgonjwa alipimwa kwa utambi, utambi ukavikwa nta, ukaviringwa kama kamba, ukawashwa mbele ya mtakatifu. Moto ukila mshumaa, unakula na ugonjwa. Wengi walifanya hivyo mara moja, wakapona, wakasahau. Kunigunda peke yake ndiye aliyejifunga kwa maisha mazima ya mwanawe. Majirani walisema ameahidi kama mlevi. Lakini mtoto alilegea, akalala, na asubuhi akaomba uji. Nani angebishana na uji?

Nta ilikuwa ghali, kwa hiyo Kunigunda alifuga nyuki nyuma ya nyumba. Asali aliuza. Nta hakumgawia mtu, hata kwa kulilia. Tuliwaita nyuki wa Veit.

Kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu, mtoto alisimamishwa kwenye mwimo wa mlango, visigino vikigusa mti, mama akavuta uzi na kuchonga alama kwa kisu. Majirani wote tulikuja kutazama, maana ilikuwa burudani ya bure.

"Amerefuka! Mwaka huu nyuki watahama!"

"Mpunguzie uji, Kunigunda, huyu atakufilisi!"

"Mtarefuka ninyi ndimi," alijibu. "Veit, simama wima, usiwasikilize."

Alipobalehe aliona haya. Vijana wenzake walimfuata barabarani wakiimba, "Veit, simama wima, mama anataka kukuwasha!" Uso ulimwiva, lakini ikifika siku alisimama. Sote tulidhani ni utiifu tu.

Mshumaa ulibarikiwa kila mwaka na Padri Lazarus Kempf, mtu mwembamba mwenye mafua yasiyokwisha. Aliunyunyizia maji, akapenga kamasi, akasema, "Kunigunda, mwanao anazidi kuwa mzito kumbeba." Kila mwaka maneno yale yale, na kila mwaka Kunigunda alicheka kama hajapata kuyasikia.

Endres alikufa kwa homa. Veit akawa mlinzi wa Lango la Mto, akamwoa Els, binti wa mfuma nguo, wakahamia chumba kilicho juu ya lango.

Halafu mambo yakaanza kugeuka. Wageni hudhani yaligeuka kwa kishindo. Kwetu yalikuja kama yanavyokuja majira, unashtuka tu kwamba jana ulivaa koti. Kwanza wachuuzi wa sindano na utepe walianza kuuza na vijitabu vya kurasa chache. Kisha Padri Kempf akawa mtu wa kunyamaza sana. Kisha Jumapili moja akaendesha ibada nzima kwa lugha yetu ya nyumbani, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mimi niliyekuwa nikiitikia Amina tangu utotoni ndipo nikajua nilikuwa naitikia nini. Nililia. Nilimtazama Kunigunda kando yangu, naye alikuwa analia, pua nyekundu kuliko ya padri.

Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba Kunigunda alikuwa mkaidi wa mambo mapya. Kempf alipomwoa mmoja wa watawa wale wapenda utumbo, mji mzima ulisengenya. Kunigunda alibadilisha tu wito wake. "Utumbo laini kama shavu la mke wa mhubiri!" Bibi huyo alicheka hadi akakaa kwenye ukingo wa kisima.

Lakini baraza la mji likaamua kuondoa sanamu. Walikuja maseremala na kamba, mchana kweupe, wakazishusha moja moja kwa uangalifu, maana baadhi yao ndio waliozitengeneza, au baba zao. Mtakatifu Veit, aliyechongwa ndani ya chungu cha mafuta ya moto alimoteswa, na jogoo wake pembeni, akapelekwa ghala la nafaka, akasimamishwa kati ya magunia. Na baada ya sanamu, ikafika zamu ya mishumaa. Kempf alisimama mimbarini akasema kumwashia mtakatifu mshumaa ni kumpa kipofu kioo.

Kunigunda alimngoja mlangoni, nami nilikuwapo.

"Padri."

"Usiniite padri, Kunigunda."

"Nimekuita padri tangu ulipokuwa na nywele, leo nianze kukuita nani? Nijibu hili. Mshumaa wangu uliubariki mwaka baada ya mwaka. Ulikuwa unanidanganya wakati ule, au unanidanganya sasa?"

Nilidhani atakasirika. Alitafuta kitambaa chake mifukoni, kumbe kilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto muda wote.

"Wakati ule sikujua," alisema. "Nilikupa nilichopewa."

"Na sasa unajua?"

"Sasa nimesoma, na ninaamini. Mwanao yuko mikononi mwa Mungu, bure. Humnunui kwa nta. Hukuwahi kumnunua."

"Bure," alirudia Kunigunda. "Mimi ni mtu wa sokoni, Padri. Nikiambiwa bure, hapo ndipo ninapoogopa. Cha bure mwenyewe anaweza kukichukua saa yoyote."

"Na ulichonunua hawezi?"

Kunigunda alikaza mtandio wake. Kisha akasema, "Na nadhiri yangu? Nani ameifungua?"

"Nadhiri kwa mtakatifu haina fundo."

"Fundo nililifunga mwenyewe. Nalijua liko wapi." Akaondoka.

Mwaka ule aliupeleka mshumaa ng'ambo ya mto, Obernhofen, kwenye nchi ya askofu, ambako kikanisa cha Mtakatifu Veit kilikuwa kimesimama kama zamani. Wengi wa mji wetu walifanya hivyo kwa nadhiri zao. Baraza lilichukia. Walisema tunauaibisha mji na kumpa askofu sababu ya kutuingilia. Ikatoka amri: kitu chochote cha nadhiri, mshumaa uliopimwa mtu, mguu wa nta, moyo wa nta, kisivuke malango. Vikapu vipekuliwe. Na mlinzi atakayekipitisha arudishe funguo.

Njia ya Obernhofen ilipita Lango la Mto. Na mlinzi wa Lango la Mto mnamjua.

Sikukuu ilipokaribia, Kunigunda alikwenda kula kwa mwanawe, akasema kama anayesema jambo dogo, "Kesho upite nyumbani, nikupime."

Veit aliweka kijiko chini. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kidole kikitembea chini ya maneno, na neno jipya lilikuwa limemwingia kweli. Els ndiye aliyenisimulia yaliyosemwa.

"Sitapita, mama."

"Ni mara moja tu kwa mwaka, Veit. Hata ndevu unanyoa mara nyingi zaidi."

"Mama, nisikilize. Tangu mtoto nimesimama kwenye mlango ule nikijua kwamba uzi ule ukikatika, nakufa. Hukuniambia hivyo, lakini nilijua. Niliogopa nyuzi. Nilikuwa nikiona buibui ananing'inia kwa uzi, nakimbia. Siku Kempf aliposema hakuna uzi, kwamba nimeshikwa na hakuna cha kukatika, nilirudi nyumbani nikalala usingizi. Usingizi, mama. Kama mtu."

Kunigunda alisukuma bakuli lake kando.

"Mimi tangu siku hiyo hiyo," alisema, "sijalala."

Hakuna aliyemaliza chakula.

Nimewaza sana juu ya meza ile. Neno lilikuwa moja, lilitoka kinywani mwa mtu mmoja mwenye mafua. Mwana lilimfungua, mama likamwachia mtoto mikononi bila kamba ya kumshikia. Na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Basi Kunigunda akafanya alichofanya. Jumapili iliyofuata alirudi tena kula kwao, safari hii bila neno lolote la nadhiri. Baada ya chakula Veit alijilaza kwenye benchi, koti juu yake, akasinzia. Kunigunda akavuta uzi kutoka kwenye mkono wa gauni. Els alikuwa anaosha vyombo, mimba yake ikigusa beseni. Aligeuka, akaona, akaliweka bakuli chini polepole lisitoe sauti. Kunigunda akaweka ncha moja utosini, akauvuta uzi juu ya koti hadi penye visigino, akaukata kwa meno, akaaga.

Haraka ni mbaya. Benchi lile lilikuwa fupi, na Veit tangu utotoni hulala amekunja magoti. Chini ya koti hayo hayakuonekana.

Aliutundika utambi, akaumwagia nta kwa upawa, akangoja ikauke, akamwaga tena, mpaka nta ya mwaka ikaisha. Siku moja kabla ya sikukuu, usiku haujaingia, alikuja mbio nyumbani kwangu.

"Ottilia, shoga yangu, njoo ushike ncha hii."

Tuliunyoosha kwenye mwimo wa mlango wake, ncha moja kwenye alama ya mwaka jana. Ncha nyingine iliishia juu sana. Kama alama ile ni utosi wa Veit, basi mshumaa ulifika chini kidogo ya magoti yake.

"Nimemkata miguu," alisema Kunigunda.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Yeye hakucheka.

"Ongeza kipande," nilimwambia. "Alama si ziko hapa mlangoni?"

"Hizo ni alama za mwaka jana. Kipimo hutoka mwilini, Ottilia, hakitoki kwenye mti. Na niliahidi urefu wote. Nilisema sitapunja." Alikaa kizingitini, mshumaa magotini kama nyoka aliyelala. "Kesho nitampeleka hivyo hivyo. Afadhali nifike na mtoto mfupi kuliko nisifike."

Kesho yake ilikuwa siku ya katikati ya Juni, jua la kuokea mkate. Nilikwenda na kapu langu langoni, nikisema nauza, lakini nilikwenda kuona. Foleni ilikuwa ndefu, mikokoteni ya majani makavu ikiingia, watu wakitoka na vikapu vikipekuliwa. Veit alisimama kivulini mwa lango na kofia yake ya chuma. Mwenzake alikuwa Utz, mtu aliyezitamani funguo zile tangu kabla Veit hajapewa, na ambaye hakuficha.

Kunigunda alikuja mikono mitupu. Hakuwa na kikapu wala furushi. Alikuwa tu mpana kuliko kawaida yake, maana mshumaa alikuwa ameuzungusha mwilini, chini ya gauni, kuanzia kifuani hadi nyongani. Hakuna ambaye angegundua, kama si jua. Foleni haikusogea, jua lilizidi, na nta ile aliyoitoa kwenye mizinga yake mwenyewe ikaanza kupata joto la mwili. Kunigunda akaanza kunukia asali.

Akaja nyuki mmoja. Akaja mwingine. Halafu wakaja wenzao.

Mwenye mkokoteni wa majani akamgeukia. "Mama, leo umeoga asali?"

"Nilizaliwa mtamu. Wewe uliyezaliwa siki unasemaje?"

Watu wakacheka. Nyuki wakaongezeka, wakamzunguka kama taji, na Kunigunda hakupunga mkono hata mara moja, maana mfuga nyuki hapungi. Jasho lilimtiririka shingoni. Foleni nzima sasa ilikuwa inamtazama, na kila aliyemtazama alijua leo ni sikukuu ya nani.

"Veit!" aliita Utz. "Njoo umwone mama yako, ana wachumba wengi! Unampekua wewe, au nimpekue mimi?"

"Thubutu uniguse, Utz," alisema Kunigunda, "utarudi nyumbani na meno mfukoni."

Veit alitoka kivulini. Aliivuta ile harufu, nikaona inavyomwingia; ilikuwa harufu ya nyumba yao.

"Mama," alisema. "Umebeba nini?"

Asali haikukatazwa. Angesema tu, "Asali," na mwanawe angepata pa kushika. Nilimwombea aseme asali.

"Nimekubeba wewe," alisema Kunigunda.

Els, aliyekuwa dirishani juu, alishuka, akampeleka mama mkwe nyuma ya mlango wa ngazi. Walipotoka, Kunigunda alikuwa ameupakata mshumaa mikononi. Nta ilikuwa imelainika ikachukua alama za kitambaa cha gauni lake, mistari yake yote.

Veit aliupokea. Akavua kofia, akaweka ncha moja utosini, akaiachia nyingine ishuke mbele yake. Ukaning'inia, ukaishia chini ya magoti.

"Veit, umeliwa na panya!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, watu wakaangua kicheko. Veit hakucheka. Aliutazama mshumaa, akamtazama mama yake, nikaona anaelewa.

"Jumapili," alisema. "Nilikuwa nimelala."

"Ulikunja magoti!" Kunigunda alimkemea kana kwamba kosa ni lake. "Tangu utoto nakwambia lala umenyooka!"

Veit aliuinua mshumaa, watu wote wauone. Kisha akamgeukia mwenzake.

"Utz, baraza limekataza nini?"

"Unajua. Mshumaa uliopimwa mtu."

"Huu amepimwa nani?"

"Wewe! Mji mzima unajua!"

"Mimi naishia hapa?" Alijipiga kwenye mfupa wa mguu. "Kuna mtu hapa wa urefu huu? Ajitokeze."

"Jobst fundi viatu!" walipiga kelele, wakamsukuma mbele yule maskini, ambaye kweli alikuwa mfupi, lakini hata yeye aliuzidi. Akainama kama mwigizaji, akashangiliwa.

"Basi huu haukupimwa mtu," alisema Veit. "Ni mshumaa tu. Mishumaa haikukatazwa kupita." Akaukunja, akamrudishia mama yake. "Pita, mama."

Watu wakapiga makofi. Utz akatema mate. Nami nikasema moyoni, amemwokoa, na amejiokoa. Kijana ana akili.

Lakini Kunigunda alikuwa amesimama pale pale, mshumaa mikononi.

"Kama si wewe," alisema polepole, "napeleka nini?"

Foleni ikasogea, ikamsukuma Kunigunda, akajikuta ametoka upande wa pili. Alikwenda hadi katikati ya daraja, akasimama. Aliuweka mshumaa juu ya ukuta wa daraja. Hakuendelea, hakurudi. Mikokoteni ilimpitia kando, nyuki wake wakiwa pamoja naye.

Mwanawe alimfungulia lango akaifunga njia, mbele ya watu wote, kwa kinywa chake. Na hakusema uongo. Mshumaa ule haukuwa yeye.

Veit alisimama chini ya tao, funguo kiunoni, akimtazama. Sijui aliwaza nini. Najua tu alichokuwa nacho: usingizi wake, chumba chake juu ya lango, mtoto njiani. Mara akafungua mkanda, akampa Utz funguo.

"Shika."

"Ukivuka hapo nitasema kwa baraza," alisema Utz. "Nakuapia."

"Sema."

Akatembea juani hadi kwa mama yake. Nami na kapu langu nikamfuata kidogo, kama nauza.

"Una uzi, mama?"

"Uzi wa nini?"

"Siku zote una uzi."

Kunigunda alimtazama. "Ulisema unauogopa."

"Nauogopa mpaka sasa. Pima." Akaweka visigino vyake kwenye jiwe la daraja, akanyoosha mgongo, kofia mkononi, jua likimpiga usoni. "Lakini ujue, nimesimama kwa ajili yako. Sikusimama kwa ajili ya mtakatifu."

"Simama vizuri, acha maneno," alisema Kunigunda. Mara ya kwanza alikosa utosi. Akauvuta uzi hadi kisiginoni, akaukata kwa meno. Akaulaza kando ya mshumaa, na kile kilichozidi akakifunga mwishoni kwa fundo, uzi mtupu usio na nta. Ndivyo Veit alivyokwenda Obernhofen mwaka ule: nta hadi magotini, na kutoka hapo hadi chini, uzi.

Utz alisema kweli, alikwenda kwa baraza. Baraza halikutaka makelele. Walimwondoa Veit kimya kimya na kumpeleka Lango la Ng'ombe, upande wa juu wa mji, penye chumba kidogo na harufu ya jina lake. Els alinung'unika kwa miezi. Mtoto akazaliwa huko huko.

Baadaye, tukiwa kisimani, nilimuuliza Kunigunda ilikuwaje kule kanisani.

"Yule mtunza kanisa alicheka kuona ule mkia wa uzi," alisema. "Akauwasha. Nikapiga magoti, shoga, nikakosa la kusema. Kila nikifumba macho namwona darajani, hana kofia, anaogopa, na amesimama. Nikamwambia mtakatifu, umemwona? Kisha nikainuka nikarudi."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Koroga sufuria hiyo, inashika chini."

Mjukuu alipoletwa kwake mara ya kwanza, binti mwenye nywele kama za Endres, Kunigunda alimtazama mikono ikiwa nyuma. Nyuma yake nilikuwa mimi, nikaviona vidole vyake vikiulizana. Uzi hakuutoa. Veit naye aliona, akamwekea mtoto kifuani.

Mwaka uliofuata Kunigunda hakwenda Obernhofen, wala hakusema kwa nini. Siku ile ya sikukuu alikuwa sokoni kama kawaida, ila wito ulikuwa wa chini na macho yalikuwa kwenye barabara inayoteremka kutoka Lango la Ng'ombe. Kabla ya adhuhuri Veit akateremka, akasimama mbele ya sufuria.

"Bado upo," alisema Kunigunda, akimjazia bakuli.

"Bado nipo, mama."

Wakafanya hivyo kila mwaka, na mwaka hadi mwaka hofu ilikuwa ikipungua usoni mwa Kunigunda, ingawa haikwisha. Mizinga ya nyuki aliiuza. Kama ameshawishika na mhubiri au amechoka tu, hakunieleza, na nadhani hakuwa na hakika mwenyewe. Wengi wetu tulivuka zama zile hivyo, mguu mmoja mbele, mwingine ukiuliza njia.

Alikufa wakati wa baridi, kitandani mwake, baada ya kulalamika kwamba supu haina chumvi. Tulimwosha, tukamvika sanda. Kwa desturi mpya hapakuwa na mshumaa kichwani wala miguuni, na chumba kilionekana kitupu kwa sisi wazee. Seremala alikuwa ameshakuja kupima jeneza na kuondoka.

Veit aliingia. Alikuwa na mvi sasa. Akatoa uzi kwenye koti.

"Seremala ameshapima, Veit," nilimwambia.

"Najua, mama Ottilia."

Akaweka ncha moja penye utosi wa mama yake, akauvuta taratibu hadi kisiginoni, akahakikisha magoti yamenyooka. Akaukata kwa meno. Akauviringa kidoleni, akautia kifuani, ndani ya shati.

Nilipogeuka, Kempf alikuwa mlangoni, mzee kabisa, na kitabu chini ya kwapa. Alikuwa ameona. Akatafuta kitambaa, akapenga, akangoja Veit asogee, ndipo akafungua kitabu.